Siku Moja Kwenye Bwawa la Ndanda

Akina mama wenzangu, ukimwambia mtu wa pwani twende tukatazame bwawa, atakuuliza kuna nini huko. Sisi wa Newala hatuulizi. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua ikinyesha, udongo wetu wa mchanga huimeza, na maji hutokea mbali, chini mabondeni. Kabla ya mradi wa kusukuma maji kutoka Mitema, ulioanza miaka ya 1950, mama wa Kimakonde aliamka usiku kuyafuata maji kule bondeni, na wengi waliendelea hivyo miaka mingi baadaye.

Mwezi wa Julai, baada ya mavuno, sisi akina mama kumi na wanne wa kanisa tulikodi basi dogo kwenda Ndanda. Mimi nilimchukua mama mkwe wangu, ambaye amevuka miaka themanini. Masasi hatukukaa. Tulinunua ndizi na mikate, tukayatazama yale majabali makubwa na kilima cha Mtandi, ambako historia ya kanisa letu inarudi hadi mwaka 1876, kisha tukaendelea na barabara ya Lindi kama kilometa 40.

Ndanda ipo chini ya ukingo wa uwanda wetu huo huo. Wabenediktini walijenga hapo mwaka 1906, baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika vita vya Maji Maji. Wengi wenu mnapajua kwa ajili ya hospitali. Mimi nimesindikiza wagonjwa pale mara nyingi, wala sikuwahi kuinua macho kutazama kule mlimani.

Ukishaomba ruhusa misheni, unapanda kwa miguu kama dakika 45. Sisi tulitumia saa moja na nusu, kwa kuwa mama mkwe alikataa kabisa kuachwa chini. Vaa viatu vya kufunika vidole, si kandambili kama mweka hazina wetu. Njiani kuna kivuli kizuri, na ngedere walitufuata juu ya miti wakitamani ndizi zetu.

Halafu miti ikafunguka, na maji yakawa mbele yetu, yametulia, ya kijani. Mdiria mdogo, mgongo wa buluu na mdomo mwekundu, alikaa kwenye tawi kavu, akajitosa, akarudi na dagaa. Watoto walipiga makofi. Walitaka kuogelea, nikawazuia. Akina mama, maji yaliyotulia yenye majani pembeni huweza kuwa na konokono wa kichocho, na anayeyaona maji mara moja kwa mwaka hajui kuogelea. Walinuna mpaka pilau ilipofunuliwa.

Mama mkwe hakula. Alikaa ameshika fimbo yake, akitazama maji.

"Haya yote yametoka kwetu juu?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo, ni mvua ya uwandani inayotokea huku chini.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilizaa sita. Wa saba nilimwacha kwenye mteremko, na mtungi kichwani. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nilifika nyumbani na maji."

Nimekuwa mkwe wake miaka ishirini na mitatu. Kazini kwangu swali la kwanza kwa kila mama mjamzito ni mimba ngapi, watoto wangapi. Nyumbani sikuuliza, na hata ningeuliza, heshima ya mkwe isingemruhusu kunijibu. Nilimuuliza tu kama baba alijua. Akasema alijua, walimzika pamoja, na kesho yake alirudi bondeni kwa kuwa mtungi ulikuwa mtupu.

Sikuwa na neno la kanisani wala la hospitali. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka mdiria alipojitosa tena na yeye akacheka kidogo.

Wakati wa kushuka alikataa kushikwa. Alitembea mbele yangu polepole, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ukininginia mtupu. "Mteremko bila mzigo," alisema, "kumbe ni hivi."

Kikundi kimeanza kuchangia safari ya mwakani. Yeye ndiye aliyetoa wa kwanza.