Mwanetu Kapakatwa na Nani?



Leo hatuna habari za hina wala singo. Tuna jambo limetukaa kifuani, na tumeona tulitoe hapa, kwa kuwa hapa ndipo tunapozungumza ya nyumbani.

Mtaani kwetu tuko kina mama wanne ambao watoto wetu wanasoma skuli moja, mkondo wa mchana. Skuli iko mbali, haiendeki kwa miguu na jua la saa sita, kwa hiyo watoto wanapanda daladala. Wanatoka karibu na saa kumi na moja. Gari ikipatikana mapema, wanafika, wanaoga na tunasali nao magharibi.

Muhula uliopita binti wa mmoja wetu, yuko darasa la nne, akaanza kuchelewa. Siku ya kwanza magharibi ilimkuta njiani. Siku ya tatu tumeshasali ndio anapiga hodi. Mama yake akamgombeza, na sisi tukamsaidia: "Unacheza wapi wewe?" Mtoto kimya. Mpaka usiku mmoja, bibi yake akimsuka, ndipo aliposema. Konda akiona sare anapaza sauti: "Wanafunzi wawili tu!" Waliobaki wanabaki. Na hao wawili hawapewi pa kukaa, wanaambiwa wapakatwe. Yeye alipakatwa na mwanamme asiyemjua, na hakupenda alivyoshikwa. Tangu siku hiyo gari ikijaa anaiacha, anangoja yenye nafasi.

Wallahi tuliona aibu. Mtoto alikuwa akijihifadhi, na sisi tukimgombeza.

Wa kwanza kumlaumu alikuwa konda. Lakini tuseme kweli: gari ina mwenyewe, na dereva lazima apeleke hesabu kila siku. Baada ya hesabu na mafuta, kinachobaki ndio chake na konda wake. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na nafasi anayokaa ni ile ile. Hilo halimhalalishii kumwacha mtoto njiani, ila linaonesha kwamba kumwombea huruma pekee hakutoshi.

Kisha tukajitazama wenyewe. Daladala zetu mnazijua, viti viwili virefu, tunatazamana uso kwa uso. Mara ngapi konda amesema "mpakate huyo mtoto" na sisi tupo, tumeshika pochi zetu, tunatazama nje? Mara ngapi tumemkumbatia mkoba wa sokoni, mtoto wa mwenzetu akawekwa mapajani kwa mtu tusiyemjua? Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga. Tukadhani uchungaji unaishia mlangoni kwetu.

Basi tukakubaliana. Kila siku mmoja wetu anakwenda kituo cha karibu na skuli saa kumi na moja, anarudi na watoto wote. Sisi wanne, siku ni tano. Ya tano ameichukua bibi. Ndani ya gari tunasogea, watoto wanakaa kati yetu. Siku konda alipokaza, tuliongeza nauli ikawa kamili. Si kila mama anaweza hivyo, na si haki iwe hivyo, lakini siku ile magharibi ilikuwa karibu.

Na watoto tumewafundisha maneno mawili: "Sipakatwi, nitasimama." Mdogo anaweza kusimama hata kwenye gari ya paa fupi. Tumewaambia pia kuwa kumkatalia mtu mzima kwa jambo hilo si utovu wa adabu, na kwamba wakija kutuambia hatutawagombeza.

Kwenu mabibi harusi wetu, haya si ya baadaye. Mnapooneshwa nyumba mtakayohamia, tunajua macho yanakwenda kwenye kitanda, kabati na makochi. Ulizeni pia kituo cha gari kiko wapi, na skuli na chuo viko umbali gani. Zungumza na mume mapema nani atamfuata mtoto jioni, kwani mtoto ni amana yenu nyote wawili.

Binti yetu siku hizi anafika kabla ya adhana. Zipo siku bado wanachelewa, gari ni chache na mvua ikinyesha ndio hakuna kabisa. Lakini sasa akichelewa, kwanza tunampa maji, tunamkalisha, tunamuuliza.

Leo ukipanda gari, shoga yetu, ukamwona mwenye sare kasimama mlangoni, sogea. Mwite akae kwako.

Allah awahifadhi watoto wetu, waendako na warudiko. Amin.