Bunduki za Msitu wa Mlima Kenya

Dallas ni mtaa wa mji wa Embu, kusini-mashariki mwa Mlima Kenya. Barabara itokayo Embu huuzunguka mlima hata Meru, na juu yake umetanda msitu ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha tangu mwaka 1952.

Askari waliowafuata walichukua bunduki za Lee-Enfield, zenye kushika risasi 10, aina ile ile iliyopigana Vita Kuu ya Pili. Watu wa msituni hawakuwa na duka la kununua silaha. Waliziteka, ama waliunda zao kwa bomba la maji, mti, komeo la mlango na ukanda wa mpira.

Hatari ilikuwa katika kuzijaribu. Huko Uingereza mtutu mpya hupigwa kwanza kwa baruti iliyozidi kipimo, kabla ya kuuzwa. Lakini bomba la maji halikufanywa kwa baruti, na baadhi yalimpasukia mpigaji mkononi. Msituni, aliyeijaribu bunduki ndiye aliyeubeba msiba wake.

Leo sheria ya Kenya yadai cheti kwa mwenye bunduki. Chuma kikizeeka, risasi haizeeki nacho.