Bahasha za Manowari

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliambiwa shuleni apeleke stempu za zamani. Akafungua sanduku langu, akazitia bahasha kadhaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, stempu zikabanduka, akazianika juu ya gazeti kwa ustadi kabisa. Bahasha akazitupa. “Si makaratasi tu, babu? Tena yamechafuliwa na mihuri.”

Mihuri hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta tangu utotoni.

Miaka ya sitini manowari za Waingereza zilizokuwa zikilinda Beira, mafuta yasipenye kwenda Rhodesia, zilikuwa zikitia nanga Kilindini, Mombasa. Doria ile ilianza Machi 1966, ikakoma Juni 1975. Mabaharia wakishuka, Kilindini Road yote ilikuwa kofia nyeupe. Wenzangu waliwakimbilia na vinyago. Mimi nilikwenda na bahasha.

Aliyenifunza alikuwa mzee mmoja wa Kibohora, mwenye duka la karatasi na kalamu. Duka lile lilinukia gundi, wino na karafuu alizotafuna mchana kutwa. Miwani yake aliifunga kwa uzi. Bahasha ikimfikia, hakuifungua kwanza: aliigeuza kwenye mwanga, akasoma mbele, akasoma nyuma, ndipo akaikata ubavuni kwa wembe, taratibu. Mteja alisubiri, apende asipende. Alinifunza kuandika anwani yangu kwa penseli, nyepesi, ifutike baadaye, na kutia kadi ngumu ndani ili muhuri ushike vizuri. “Usimwendee baharia anayetoka baa, mwanangu. Mwendee anayenunua postikadi. Na usimwombe pesa, maana ukimwomba pesa hatakusikiliza tena.”

Ya kwanza niliipata 1967. Au 1968, muhuri umefifia, na mzee aliyekuwa shahidi yuko kaburini. Haidhuru. Baharia aliichukua, akaitia kwenye sanduku la barua melini, nami nikasahau. Barua hiyo haikwenda moja kwa moja posta ya Digo Road. Ilikwenda kwanza London, ikagongwa muhuri wa “Maritime Mail”, kisha ikasafirishwa hadi sanduku la posta la babangu, mwendo mfupi tu kutoka gatini, na meli yenyewe ilishaondoka zamani. Jina la meli halikuwamo, kwani Waingereza walilifanya siri. Ndiyo maana mzee alinisisitizia niombe na muhuri wa mpira wa ofisi ya meli, ugongwe nyuma.

Wajerumani nao walificha. Manowari yao Königsberg, ile iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja Septemba 1914 na kwenda kufia Rufiji Julai 1915, barua zake ziligongwa “Marine-Schiffspost” na nambari, basi. Mzee hakuwahi kuimiliki hata moja. Aliitaja kama watu wanavyomtaja jamaa aliyepotelea bara.

Wamarekani walipoanza kumiminika miaka ya themanini, kwangu ilikuwa sikukuu. Manowari zao zina posta ndani tangu 1908, na muhuri wa duara unataja meli waziwazi, isipokuwa wakati wa vita vikuu. Nilikuwa na bahasha ya USS La Salle, ile iliyopakwa rangi nyeupe kwa ajili ya joto la Ghuba. Niliyoipenda zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya 1983. Baharia alibandika stempu ya senti 20, nauli ya ndani ya Marekani, badala ya senti 40 za ndege kuja huku. Ikafika imegongwa T kubwa, alama ya posta zote duniani kwamba nauli imepungua, nami nikalipishwa. Baharia, meli, posta ya Marekani na karani wa Mombasa, wote walikuwa juu ya bahasha moja. Mjukuu wangu ameniachia ile stempu ya senti 20, ambayo ilichapishwa kwa mamilioni, na T imekwenda na taka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mzee akafa, wanawe wakauza duka. Leo panauzwa kava za simu na chaja. Baada ya mabomu ya balozi za Marekani 1998, na shambulio la manowari yao kule Aden 2000, mabaharia hawakutembea ovyo tena. Barua pepe ikamaliza waliobaki. Siku hizi manowari ikipita Likoni vijana huipiga picha, na hakuna anayeuliza jina lake.

Basi wewe mwenye sanduku la marehemu uvunguni: usizitie bahasha maji, usibandike selotepu, usikate kona yenye stempu. Ziache nzima, na barua zake ndani. Na ukiikuta ya Königsberg usiniletee mimi, sina pesa hizo. Ipeleke makumbusho ya Fort Jesus.