Visiwa Katika Kitabu cha Chaji

Nikiulizwa nilisoma nini mwaka 2021, nilipokuwa sekondari, ningependa kutaja orodha ndefu ya riwaya. Ukweli ni kwamba kifaa changu cha kusomea kilikuwa na vitabu zaidi ya 30, nami nilimaliza vinne. Muda mwingi nilikuwa nikicheza.

Kifaa hicho nilipewa na binamu yangu anayefanya kazi Kigali, baada ya yeye kununua kipya. Nyumbani kwetu Rubona, kando ya Ziwa Kivu, tulikiita “kitabu cha chaji”. Hakikuwa na rangi wala mwanga wake chenyewe. Maandishi yake hutokana na chembe ndogo nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme. Zikishatulia mahali pake, umeme hauhitajiki tena mpaka ukurasa ubadilike. Ndiyo maana chaji moja ilidumu kwa majuma, jambo kubwa kwetu tuliozoea umeme kukatika. Lakini kilikuwa na uvivu wake: ukikigusa, kioo kinageuka cheusi, kinasita, ndipo kinajibu. Michezo ya mbio haiwezekani humo.

Binamu alikuwa amekiwekea mafumbo yaliyokusanywa na Simon Tatham, Mwingereza mtaalamu wa kompyuta anayeyatoa bure. Nililipenda moja, la madaraja, ambalo asili yake ni Japani. Unaona visiwa vimetawanyika, kila kimoja na namba yake. Namba ni idadi ya madaraja kinayotaka. Madaraja hupita wima au mlalo tu, hayakatizani, na kati ya visiwa viwili hayazidi mawili. Mwishowe visiwa vyote lazima viungane, mtu aweze kutoka chochote na kufika chochote.

Mama hakufurahi. “Binamu yako amekupa kitu cha kusomea,” alisema, “wewe umekigeuza uwanja wa mpira.” Sikuwa na jibu.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei, jioni, Nyiragongo ililipuka. Mbingu ya upande wa Goma ikawa nyekundu, na maelfu ya watu wakavuka mpaka usiku huo kuingia Gisenyi. Mama mdogo, mdogo wake mama, anaishi Goma na watoto wake watatu. Simu yake haikupatikana. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, na ikaendelea siku baada ya siku. Kuta za nyumba za watu zilipasuka. Sisi, kama majirani wengi, tulitandika mikeka uani tukalala nje.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa. Kila ardhi ilipotikisika alinishika mkono na kuuliza, “Dada, itarudi tena?” Mwanzoni nilimjibu kwamba haitarudi. Ikarudi, naye akaacha kuniamini. Nilipokosa la kumwambia nilitoa kitabu cha chaji, nikawasha tochi, nikamwonyesha visiwa.

Alitaka kujaza popote. Kifaa kilimgomea kwa ule uvivu wake, hivyo akajikuta anangoja, na katika kungoja akaanza kutazama. Nilimfundisha njia ninayoijua mimi: usianze na usichokijua. Kisiwa cha 4 kilicho pembeni, chenye majirani wawili tu, hakina ujanja. Kila jirani apewe madaraja mawili. Kisiwa cha 3 chenye majirani wawili bado kina siri, lakini hata hicho kila jirani anapata angalau moja. Chora hilo moja, kisha tazama limefungua nini.

Usiku wa Jumapili alikaribia kumaliza fumbo kubwa. Namba zote zilitimia, lakini kifaa kilikataa. Alitazama mpaka akaona: visiwa viwili vya namba 1 vilikuwa vimeungana vyenyewe, vimejitenga na vingine vyote. “Hawa wamebaki peke yao,” alisema. Mama, aliyekuwa akipiga simu kwa mara isiyojulikana ya ngapi, aliinua macho akamtazama, asiseme kitu. Jumatatu mama mdogo alipiga kwa simu ya mtu mwingine. Walikuwa wamekimbilia Sake kwa miguu, wote wanne wazima.

Sitaki kusema kwamba mchezo ulituokoa. Ulitupa kitu cha kushika mikononi, basi. Lakini tangu usiku ule mdogo wangu hakuuliza tena kama itarudi. Aliuliza, “Tunajua nini?” Nami nilimwambia tulichokijua: tuko nje, hakuna ukuta wa kutuangukia, baba yuko hapa.

Chuoni nimesoma kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, Emil Torday, msafiri kutoka Hungaria, aliwakuta watoto wa Wakuba huko Kongo wakichora mchangani michoro ya kusukana kwa mstari mmoja, bila kuinua kidole wala kurudia njia. Swali la namna hiyo, la madaraja saba ya mji wa Königsberg, ndilo alilolishughulikia Leonhard Euler mwaka 1735, akathibitisha kwamba haliwezekani. Wale watoto hawakuhitaji kioo wala chaji. Niliposoma hayo niliacha kuona aibu kwa kucheza, ingawa aibu ya vitabu 26 na zaidi bado ninayo, na ninaipunguza kimoja kimoja.

Kitabu cha chaji kilikufa mwaka jana. Likizo iliyopita nilimkuta mdogo wangu ufukweni, mitumbwi mitatu mitatu ya wavuvi wa sambaza ikijiandaa kuondoka, amechora visiwa vyake mwenyewe mchangani kwa kijiti. Alinipa kijiti hicho. Giza liliingia kabla sijamaliza.