Mzazi Naye Aulizwe

Leo mambo ya magauni tunayaweka kando, ingawa habari yenyewe ilianzia kwenye cherehani.

Mteja wetu mmoja, tuliyemshonea gauni la harusi, alituletea kitambaa cha dera la kutokea arubaini. Tulipompima, kiuno kilikuwa chembamba kuliko siku ya harusi yake. Tukamtania, "Mashaallah, mzazi gani huyu!" Akalia. Chakula hakipiti, usingizi haupati hata mtoto akilala, na usiku humtazama mwanawe akamwona kama wa mtu mwengine. Nyumbani kwake wanasema imani imepungua, azidishe adhkari.

Tuliona haya kwa ule utani. Na sisi tuliozaa tunajua: utakandwa, utafungwa tumbo, utapewa uji wa pilipili manga, lakini kila anayeingia anamuulizia mtoto. Hata kliniki alikokwenda, mtoto alipimwa uzito, mama hakuulizwa neno.

Kumbe kipimo kipo, wala hakitaki damu. Ni maswali 10 yaliyotungwa Uskochi na kuchapishwa mwaka 1987. Siku 7 hizi umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umeingiwa na hofu tu? Kila jibu lina alama, kuanzia 0 hadi 3. Alama zikiwa nyingi haina maana kwamba ugonjwa umethibitika, ila aonane na daktari. Swali la mwisho ni kama amewaza kujidhuru. Hilo akisema ndiyo, kesho haingojwi.

Kulialia siku za mwanzo ni kawaida. Ikipita wiki mbili, jamani, tusinyamaze.

Na hili la imani. Sayyidatna Maryam, kwa uchungu wa kuzaa, alitamani angekufa kabla ya siku ile. Qur'an imelitaja bila kumlaumu. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende. Dua tusome, na daktari twende.

Mabibi harusi, mkipanga nani atakuja kuwalea uzazi, mwambieni mapema kwamba hayo maswali mnataka kuulizwa.

Mteja wetu, aliyeturuhusu kuandika haya, tulimpeleka wenyewe hospitali, mama mkwe wake nyuma ya gari hasemi kitu. Anatibiwa, na kunyonyesha ananyonyesha, alhamdulillah. Dera lake bado limetundikwa dukani. Tumemwambia asiwe na haraka nalo.