Mgonjwa wa Akili Asikalishwe Bure

Mgonjwa wa akili akirudi nyumbani kutoka hospitalini, wengi wetu humkalisha kivulini siku kutwa. Ndivyo mama alivyomfanyia kaka yangu, kwa huruma.

Profesa Gary Kielhofner wa Chicago, Marekani, aliyefariki mwaka wa 2010, alitumia maisha yake kuchunguza tiba kwa njia ya shughuli. Mwaka wa 1980, yeye na wenzake walieleza mambo ya kutazamwa kwanza: mgonjwa apenda nini, ana mazoea gani na aweza nini. Shughuli ifuate hayo.

Kaka hupenda kufuga kuku. Siku hizi huamka alfajiri kuwalisha, na dawa hajaacha. Mzazi, kabla ya kumpokonya mwanao jembe, muulize apenda nini.