Shule haikuchomwa, walimu ndio walioondoka

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Garissa, upande wa kuelekea mpaka wa Somalia. Nilizaliwa huku, nikafundishwa huku na walimu kutoka Kisii, Bungoma na Machakos, na sasa nafundisha huku bila wao. Nyinyi mlio mbali mkisikia habari za Al-Shabaab, mnatajiwa idadi ya waliouawa. Idadi hiyo ni ya kweli na inauma. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi imo kwenye ratiba ya masomo iliyobandikwa ukutani ofisini kwangu, na sijaona mwandishi wa habari aliyekuja kuisoma.

Acha niwasomee mimi. Hisabati kuanzia gredi ya saba hadi ya tisa: jina langu. Sayansi: jina langu tena, ingawa chuoni nilisomea Kiswahili na Dini. Gredi ya nne na ya tano wanakaa chumba kimoja, nusu wakitazama ubao wa mbele na nusu ubao wa nyuma. Kiingereza anafundisha kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, akapata D. Ana bidii, anawapenda watoto, na kuna maneno anayowafundisha makosa kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa makosa.

Mambo hayakufika hapa kwa siku moja. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani, abiria wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo ya Desemba. Shule zilipofunguliwa Januari, wenzao walikataa kurudi wakapiga kambi nje ya makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, jijini Nairobi. Tarehe 2 Aprili mwaka huo wa 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kikavamiwa alfajiri, wakafa watu 148, wengi wao wanafunzi. Februari 2018 ikawa zamu ya walimu wa Qarsa, Wajir. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa Garissa, na TSC ikaanza kuwaondoa walimu wasio wenyeji Garissa, Wajir na Mandera.

Piga hesabu hiyo vizuri. Kamuthe waliuawa watu watatu, na madarasa yakabaki bila walimu katika kaunti tatu. Ndivyo ugaidi unavyofanya kazi, na ndicho asichokiona mtu wa mbali. Wale wauaji hawakuhitaji kufika shuleni kwangu. Hawakuchoma dawati hata moja. Ilitosha wafike kwa jirani, halafu simu zetu zikamaliza kazi iliyobaki.

Nieleze simu zinavyoimaliza. Saa mbili usiku inaingia sauti kwenye kundi la WhatsApp la walimu: wameonekana watu na bunduki karibu na kisima fulani. Hakuna anayejua aliyeituma. Asubuhi walimu wawili hawako gwaride. Mmoja kapata lori la usiku, mwingine anasema tumbo linamsumbua. Baada ya wiki inakuja barua ya daktari, na baada ya barua ya daktari inakuja fomu ya uhamisho. Nimezitia sahihi nyingi, na sijamlaumu hata mmoja. Mtu anayelala na viatu miguuni huwezi kumdai azimio la kazi na maandalizi ya somo.

Watu wa mjini huniuliza, kwa nini msiwekewe polisi? Wangejua! Shule ikiwa na kambi ya askari ubavuni, inakuwa shabaha, maana wale jamaa huitafuta kambi kwanza. Shule ikikaa bila askari, mwalimu mgeni hakubali kulala. Kuna wakati walimu wangu walifundisha mchana na kulala kambini usiku. Njia kutoka shuleni hadi kambini ndiyo waliyoiogopa kuliko yote, maana ilikuwa moja tu, na kila mtu alijua saa wanayopita.

Halafu kuna minara ya simu. Al-Shabaab wanapenda sana kuilipua, na gazeti likiandika huandika mistari miwili kwa sababu hakuna aliyekufa. Kwangu mnara ukianguka mambo hugeuka hivi: siwezi kuingia kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi. Mtoto asiyesajiliwa humo hahesabiwi kwenye mgao wa fedha. Mgao usipokuja hakuna chaki, hakuna vitabu, na yule kijana wa Kiingereza hana hata nauli. Basi nabeba vyeti vya kuzaliwa kwenye mfuko wa nailoni, nadandia gari la miraa linalorudi mjini, nakwenda kuwasajili watoto kwenye saiba kwa pesa zangu.

Mwalimu wetu wa mwisho wa hisabati alikuwa mtu wa Kakamega. Alipoondoka hakutuacha kabisa. Jioni alikuwa akinipigia simu, naweka spika juu ya meza, watoto wa darasa la nane wakiizunguka, yeye huko kwao anawasomea swali la sehemu na asilimia, nami naandika ubaoni. Akisikia kimya anajua hawajaelewa, anarudia kwa mfano wa bei ya mbuzi. Tulikwenda hivyo wiki kadhaa na watoto wakaanza kupata. Kisha mnara ukalipuliwa, somo likaishia hapo. Mama mmoja alinijia akaniuliza, "Mwalimu, yule wa hesabu anarudi lini?" Nikamwambia, "Mama, fomu ya uhamisho haina sehemu ya kuandika tarehe ya kurudi."

Kuna jambo jingine ambalo hunikera zaidi kuliko minara. Kila mwaka mtihani wa taifa ukifika, karatasi huletwa kwa msafara wa polisi, gari mbele na gari nyuma, kupitia barabara ambayo vilipuzi hutegwa. Wasimamizi wanalindwa mpaka kengele ya mwisho. Kwa hiyo inawezekana. Kwa siku chache serikali inaweza kuilinda karatasi inayowauliza watoto wangu mambo ambayo, kwa mwaka mzima, haikuweza kumlinda mtu wa kuwafundisha.

Vijana kama yule wa Kiingereza, waliomaliza kidato cha nne, wanaitwa walimu wa bodi. Bodi ya shule maana yake ni wazazi, na wazazi maana yake ni mifugo. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipomaliza mifugo, wazazi hawakuwa na cha kuuza, na walimu wawili wa bodi wakaenda kuendesha bodaboda. Siwezi kusema hapo ukame uliishia wapi na ugaidi ulianzia wapi. Kama walimu wa TSC wangekuwapo, ukame ungetunyima chakula lakini usingetunyima masomo.

Sisi wenyeji nasi tumebanwa pande mbili. Usiku mmoja Al-Shabaab walikuja msikitini baada ya swala ya Isha, wakahutubu, wakaonya kwamba anayeshirikiana na serikali anajua malipo yake, wakaondoka kwa miguu. Asubuhi askari wakaja kutuuliza kwa nini hatukupiga ripoti. Tungepigaje na mnara uko chini? Na mimi mshahara wangu unatoka serikalini, kwa hiyo onyo lile lilikuwa langu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Msidhani kuwa Muislamu ni kinga. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilisimamishwa. Abiria Waislamu wakakataa kujitenga, wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Miongoni mwa waliopigwa risasi alikuwa mwalimu Salah Farah, aliyefariki Januari 2016 akiwa hospitalini. Alikuwa mwalimu mwenyeji, wa aina ile ile inayosemwa kwamba itaziba pengo.

Wala sisemi kwamba shule peke yake ni dawa. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa alikuwa amehitimu sheria, na baba yake alikuwa chifu. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: mvulana wa miaka kumi na minne ambaye hana mwalimu ana siku nzima mikononi, na huku kwetu kuna watu wenye muda wa kuongea naye. Msichana wa umri huo huolewa. Hayo nayaona kwenye rejista, muhula baada ya muhula, majina yakipigwa mstari.

Suluhisho linajulikana na ni la polepole. Serikali ililegeza alama za kuingia vyuo vya ualimu kwa vijana wa kaunti zetu, na wameanza kuhitimu. Wakihitimu, wengi huomba kubaki Garissa mjini, na ninawaelewa. Wakilipwa kwa wakati, wakajengewa nyumba karibu na watu badala ya karibu na kambi, baadhi watakuja. Baadhi wananitosha.

Mpaka hapo, gredi ya tisa ya shule yangu itafanya mtihani ule ule wa watoto wa Nairobi. Matokeo yakitoka, mtaona tena kaunti zetu mkiani, na atatokea mtu redioni wa kusema wafugaji hawathamini elimu. Akisema hivyo, mwambieni kwamba watoto hawa walikuwa darasani kila siku, wameketi, wakimngoja mtu wa kuingia.